UZI: Ombi la hifadhi kukataliwa si tiketi ya kurudishwa. Tunamzuiaje mtu asivushwe mpaka?

Dunga_Mwambao

Wadau wa Kisumu, Busia, Kitale na Nakuru, habari zenu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya neno moja linalotumika vibaya kuanzia seli ya polisi hadi kortini: "amekataliwa". Ikishasikika tu kwamba fulani aliomba hifadhi akanyimwa, kila mtu hufunga daftari. Askari huona kilichobaki ni gari na mafuta. Hata jamaa zake hukata tamaa. Na kutoka Kisumu hadi Busia, mpakani na Uganda, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, kwa hiyo muda wa kumwokoa mtu huhesabiwa kwa saa.

Msimamo wangu ni huu: mtu asirudishwe kwa nguvu mahali anapoweza kuuawa, kuteswa au kufungwa kwa sababu ya kabila, dini au siasa yake, awe amepewa hadhi ya ukimbizi au amenyimwa. Hilo ni sheria ya Kenya, wala hatuombi fadhila ya mtu. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Wakimbizi ya 2021 kinakataza kumfukuza mtu, kumkabidhi kwa nchi nyingine au kumzuia kuingia ikiwa matokeo yake ni kumrudisha penye mateso, au penye vurugu zinazohatarisha maisha, mwili au uhuru wake. Juu yake kuna Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, na Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Kupinga Mateso. Kenya imejiunga na yote mitatu, na Katiba, Kifungu cha 2(6), inasema mikataba tuliyoridhia ni sehemu ya sheria zetu.

Naomba wanaoijua kazi hii waandike hatua kwa hatua: makaratasi gani, siku ngapi, wapi watu hukosea. Porojo tuziache kando.

SwaliTu

Nina swali la kweli, sina ubaya. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Kuna idara, kuna usaili, kuna rufaa. Mtu akipita kote huko akaonekana hana sababu, kwa nini asirudi kwao? Mbona tuwe na usaili basi?

Karani_wa_Rejista

SwaliTu, swali lako ni la haki, na jibu limo ndani ya barua za kukataliwa zenyewe. Ukizisoma nyingi utaona kwamba ni chache sana zinazosema "nchi yako ni salama kwako". Zinasema mambo mengine.

Moja husema maelezo hayaaminiki kwa sababu tarehe zinagongana. Nyingine husema hofu ni ya kweli lakini haitokani na zile sababu tano za Mkataba wa 1951, yaani asili, dini, uraia, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Nyingine husema mwombaji angeweza kuhamia mkoa mwingine wa nchi yake. Na kuna faili zilizofungwa kwa sababu mwombaji hakufika kwenye usaili, na ukichunguza unakuta ujumbe ulitumwa kwa laini ya simu iliyokwishazimwa. Huyo hata hakusikilizwa, lakini mtaani anaitwa "aliyekataliwa" kama wenzake.

Sasa tazama hiyo sababu ya kuhamia mkoa mwingine. Mkataba wa OAU, Kifungu cha I(2), unamtambua anayekimbia vurugu zilizotokea katika *sehemu* ya nchi yake au nchi nzima. Sheria yetu imechukua maneno hayohayo. Kwa hiyo kumwambia mtu wa Kivu "ungehamia Kinshasa" ni kumpima kwa kipimo kimoja na kukisahau cha pili. Kasoro hii ndiyo ya kwanza kuitafuta unaposoma barua.

Barua ikishafika, fanyeni hivi. Siku 30 za kukata rufaa kwenye Kamati ya Rufaa huhesabiwa tangu siku alipoipokea. Siku hiyohiyo andikeni nyuma ya nakala: tarehe, mahali, na nani aliyemkabidhi. Ikiwa aliitwa kwa ujumbe wa simu, huo ujumbe usifutwe. Barua iliyoandikwa Machi inaweza kuchukuliwa Mei, na bila ushahidi huo mtu huambiwa amechelewa miezi miwili.

Rufaa nyingi huanguka kwa sababu zinasimulia upya hadithi ile ile kwa machozi zaidi. Kamati inataka kujua uamuzi ulikosea wapi. Chukua barua, zipe nambari sababu zake, kisha jibu kila moja: ilisema nini, kosa ni lipi, ushahidi uko wapi. Kurasa tatu za namna hiyo zina nguvu kuliko ishirini za masimulizi. Barua ikiwa haina sababu zozote, hilo peke yake ni hoja: Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

MkalimaniKondele

Ahsante Karani. Hapo uliposema "tarehe zinagongana" ndipo penye kazi yangu, na naomba nipakalie kidogo, maana watu wanarudishwa makwao kwa makosa ya tafsiri.

Mchukue mtu wa Bukavu au Goma, mashariki mwa Kongo. Ofisi husema, "Huyu anajua Kiswahili, hahitaji mkalimani." Kiswahili kipi? Kwao Jumatatu huitwa siku ya kwanza, Jumatano siku ya tatu, Ijumaa siku ya tano, Jumamosi siku ya posho, Jumapili siku ya yenga. Akisema "wale waasi walikuja siku ya tatu", amesema Jumatano. Mwandishi wa Nairobi anaandika kwamba walikuja siku tatu baadaye. Ukurasa wa pili mwombaji anasema tukio lilikuwa kesho yake. Tayari "amejipinga". Mtu mkweli kabisa ameandikwa mwongo na hajui hata ni wapi.

Pili, maneno ya ukoo. "Baba aliuawa." Baadaye anasema, "Baba ndiye aliyenipa nauli." Ofisa anapiga mstari mwekundu. Lakini sisi sote hapa tunajua baba mkubwa na baba mdogo ni baba. Mkalimani mzuri huuliza papo hapo: baba yupi, aliyekuzaa au nduguye?

Tatu, mambo ya aibu. Mwanamke anaweza kusema "walinikamata kwa nguvu" akimaanisha alibakwa. Ikiandikwa "alikamatwa", kosa zito kuliko yote aliyotendewa limetoweka kwenye faili. Akija kulitaja wazi kwenye rufaa, anaambiwa analizua sasa. Ndiyo maana mwanamke aombe mapema, kwa maandishi, msaili na mkalimani wa kike.

Nne, Waethiopia. Kalenda yao iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane, na ina miezi kumi na mitatu. Vita vya Tigray vilianza tarehe 4 Novemba 2020. Kwao ilikuwa tarehe 25 ya mwezi wa Tikimt, mwaka 2013. Mtu akileta hati ya hospitali yenye mwaka 2013, halafu anasema aliumizwa vitani 2020, asiyejua ataona hati ya uongo. Saa pia wanahesabu kama sisi, kuanzia kuchomoza kwa jua. Saa mbili yao ni saa mbili yetu. Mkalimani akiitafsiri kama saa mbili ya kizungu, shambulio la asubuhi linageuka la usiku wa manane.

Tiba yake: kabla ya kutia sahihi, mwombaji adai asomewe maelezo yote kwa lugha yake, na marekebisho yaandikwe pembeni na kutiwa herufi za mwanzo za jina lake. Akishakataliwa, aombe nakala ya kumbukumbu za usaili. Kisha mkalimani mwingine, anayejua lahaja hiyo, aape kwa hati ya kiapo inayoonyesha sentensi kwa sentensi: hapa alisema hivi, ikaandikwa hivi, maana yake ni hii. Usiseme tu "tafsiri ilikuwa mbovu". Onyesha.

Wa_Bondeni

Mkalimani, barikiwa. Hilo la siku ya tatu sikulijua kabisa.

Nyongeza ya majina: Wasudan Kusini wengi hawana jina la ukoo kama tulivyozoea. Ni jina lake, la baba, la babu. Ofisi moja inaandika matatu, nyingine mawili, tahajia tofauti. Na wengi wameandikishwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku halisi haikujulikana. Polisi wakiona kadi mbili zenye majina yasiyolingana wanafikiri ni watu wawili. Kila karatasi ya korti iandike majina yote: "fulani, anayejulikana pia kama fulani".

Swali langu kwa watu wa mpakani: mtu akikamatwa barabarani, tuseme kutoka Kitale kushuka huku Nakuru, hana kibali cha kutoka kambini, hatari ya kwanza ni ipi?

Busia_Mpakani

Hatari ya kwanza ni kukiri kosa.

Utaratibu huwa hivi. Anapelekwa kwa hakimu, anasomewa shtaka la kuwepo Kenya kinyume cha sheria chini ya Kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Adhabu yake hufika faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Anaulizwa, "Ni kweli uliingia bila karatasi?" Anajibu, "Ni kweli." Kwa akili yake amejibu swali la kawaida. Korti imeandika amekiri. Dakika kumi baadaye ana faini asiyoweza kulipa, na mwisho wa hukumu kuna mstari mmoja: akimaliza kifungo arudishwe kwao. Mstari huo ndio unaoua.

Mbona kukiri ni kubaya hivyo? Kwa sababu Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinamfungia aliyekiri: hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani, ila tu kuhusu uzito au uhalali wa adhabu. Na rufaa yenyewe ina siku 14.

Kwa hiyo anayempata mtu huyu kabla ya korti amfundishe sentensi moja tu: "Mimi ni mwomba hifadhi, naogopa kurudi kwetu, naomba mkalimani na wakili." Aiseme kwa hakimu kwa lugha anayoijua, na aseme hadi iandikwe kwenye kumbukumbu. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa ikiwa ametoka moja kwa moja kwenye hatari na akajitokeza bila kuchelewa. Hakimu akishasikia hayo ana sababu ya kuandika kwamba hakukiri.

Kama amekwisha kukiri, bado kuna mlango. Vifungu vya 362 na 364 vya Sheria hiyohiyo ya Utaratibu wa Jinai vinairuhusu Mahakama Kuu kuitisha faili ya hakimu na kuirekebisha. Barua tu kwa Jaji inaweza kuanzisha mapitio hayo. Ndani iwe na nambari ya kesi, tarehe, jina la korti, na kosa lenyewe: hapakuwa na mkalimani, alisema anaogopa kurudi na hilo halikuandikwa, amri ya kumrudisha inagongana na Kifungu cha 29 cha Sheria ya Wakimbizi. Msizunguke.

Jambo la pili ni Ijumaa. Katiba, Kifungu cha 49, inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha korti imefungwa, anasubiri siku ya korti inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa hadi Jumatatu bila hakimu kumwona. Mtu anaweza kuvushwa mpaka Jumapili alfajiri. Ukisikia kuna mtu amekamatwa Ijumaa, usilale. Nenda kituoni, uliza nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), andika jina la ofisa wa zamu na saa. Wakikataa kukupa nambari, andika pia kwamba walikataa.

SwaliTu

Nimeelewa kuhusu barua. Kweli sikujua faili inaweza kufungwa kwa sababu ya laini ya simu. Lakini tuseme ni Jumamosi na mtu yuko seli. Korti imefungwa. Mtafanya nini hasa?

Dunga_Mwambao

Hapa ndipo nilitaka tufike.

Mahakama Kuu ipo Kisumu, Busia, Kakamega, Kitale, Eldoret na Nakuru, na kuna jaji wa zamu wa mambo ya dharura. Siku hizi kesi inawasilishwa mtandaoni, kwa hiyo mlango wa masjala kufungwa si kisingizio.

Pakiti yenyewe ni makaratasi manne. Kuna hati ya dharura, ukurasa mmoja au miwili, inayosema kwa nini jambo haliwezi kungoja: amekamatwa lini, yuko wapi, dalili gani zinaonyesha atavushwa. Kuna ombi dogo la amri za muda. Kuna shauri lenyewe la kikatiba chini ya Vifungu vya 22 na 23. Na kuna hati ya kiapo, ambayo ndiyo uti wa mgongo. Majaji huisoma hiyo kwanza.

Kiapo kiseme: uraia, tarehe ya kuingia Kenya, nambari ya faili ya hifadhi, tarehe ya barua ya kukataliwa na tarehe ya kuipokea, rufaa imefika wapi, anachokiogopa na kwa nini, na mazingira ya kukamatwa. Ambatanisha nakala ya kila kitu na zipe nambari. Kama mwenyewe hafikiki, Kifungu cha 22(2) kinamruhusu mtu mwingine kushtaki kwa niaba yake. Huyo aape kwa yale aliyoyaona, na yale aliyoambiwa ataje nani alimwambia na kwa nini anamwamini. "Nimesikia kwamba" bila chanzo hukataliwa. Kama kiapo ni cha mtu asiyejua Kiingereza wala Kiswahili, mwishoni pawe na maelezo ya mkalimani kwamba alimsomea na akaelewa. Hati bila maelezo hayo hushambuliwa mara moja na upande wa pili.

Huna wakili? Katiba, Kifungu cha 22(3), inasema mashauri ya haki hayatozwi ada ya kuanzishwa, na korti ikibidi ipokee hata makaratasi yasiyo rasmi. Kanuni za 2013 zimefafanua kwamba barua, au hata ombi la mdomo, linaweza kupokelewa ikiwa linaonyesha haki iliyovunjwa. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa. Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya wana mawakili wa kazi hii. KNCHR, tume ya kitaifa ya haki za binadamu, nao wana ofisi Kisumu. Piga simu huku unaandika, usingoje mmoja ajibu ndipo uendelee.

Kuhusu amri zenyewe, watu huomba kidogo mno. Ukiomba "polisi wazuiwe kumrudisha", maofisa wa uhamiaji watasema amri haiwataji. Wataje wote: Inspekta Jenerali, mkuu wa kituo hicho kwa cheo chake, Mkurugenzi wa Uhamiaji, Kamishna wa Wakimbizi, Mwanasheria Mkuu. Omba asihamishwe kutoka kaunti hiyo bila ruhusa ya korti. Omba aletwe mbele ya jaji. Haki hiyo ya habeas corpus haiwezi kupunguzwa hata kidogo, Kifungu cha 25 kimeifunga. Omba aonane na wakili na maofisa wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Halafu kosa linaloumiza kuliko yote: amri imetolewa na imebaki kwenye simu ya wakili. Amri ambayo ofisa hajaiona haimsimamishi. Toa nakala zenye muhuri, angalau nane. Moja kituoni, na uhakikishe imeandikwa kwenye OB. Moja kwa uhamiaji Busia. Moja kwa uhamiaji Malaba pia, maana gari linaweza kubadili njia. Suam na Isebania zisisahaulike. Aliyepeleka aape siku hiyohiyo kiapo cha kwamba alifikisha: saa ngapi, kwa nani. Amri ikivunjwa, kiapo hicho ndicho kitakachowaleta wahusika mbele ya jaji.

Na msidhani majaji hawasikii. Julai 2013 Mahakama Kuu ilizuia mpango wa kuwaondoa wakimbizi wote mijini na kuwarundika kambini. Februari 2017 ikatangaza kwamba uamuzi wa kufunga Dadaab na kuwarudisha watu kwa jumla ni kinyume cha Katiba. Kesi zote mbili zilijengwa juu ya viapo vya kawaida kama hivi.

Wa_Bondeni

Kuna mtego mmoja umesahaulika: fomu ya "kurudi kwa hiari". Mtu yuko seli siku ya tano, anaambiwa tia sahihi hapa utoke leo. Anatia. Kesho yake kila ofisi inasema alirudi mwenyewe. Mkataba wa OAU, Kifungu cha V, unataka hiari ya kweli. Hiari ina maana ana taarifa sahihi za huko anakokwenda, yuko huru kukataa, na akikataa haongezewi kifungo. Sahihi ya seli haina hata kimoja. Aliyekwisha kutia sahihi aandike barua ya kuibatilisha mara moja, hata kwa penseli, na nakala iende UNHCR.

Mtego mwingine ni wa Jumuiya. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi ya Afrika Mashariki kuachia hadhi yake kwa hiari ili atumie haki za uraia wa Jumuiya. Kwa mfanyabiashara inavutia. Lakini anayemkimbia mkuu wa usalama wa nchi yake atahitaji pasipoti ya nchi hiyohiyo ili aishi hapa. Afikirie mara mbili, na kwanza aonane na wakili.

SwaliTu

Na wale wanaosemekana ni hatari kwa usalama? Au serikali ikisema imepewa ahadi na nchi husika kwamba hawatateswa?

Karani_wa_Rejista

Kifungu cha 33(2) cha Mkataba wa 1951 kina mwanya wa usalama, ni kweli, na sheria yetu inao. Lakini Mkataba wa Kupinga Mateso hauna mwanya wowote, na Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema uhuru dhidi ya mateso haupunguzwi. Mhalifu ashtakiwe hapa, afungwe hapa. Au nchi yake iombe akabidhiwe kupitia korti, ushahidi uwekwe mezani na yeye ajitetee. Kinachopingwa ni gari la usiku.

Kuhusu ahadi, tuangalie yaliyotokea. James Gatdet Dak, msemaji wa upinzani wa Sudan Kusini, alikuwa mkimbizi. Novemba 2016 alirudishwa Juba kutoka Nairobi. Februari 2018 korti ya huko ilimhukumu kifo, akaachiliwa Novemba mwaka huo baada ya mkataba wa amani. Yeye alipona. Januari 2017 Dong Samuel Luak, wakili wa haki za binadamu, na Aggrey Idri walitoweka Nairobi. Mwaka 2019 jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa lilisema kuna uwezekano mkubwa waliuawa Sudan Kusini mwishoni mwa mwezi huohuo. Siku saba hivi tu. Ndiyo maana naposikia mtu akisema "tutafuata Jumatatu", moyo unaniuma.

Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi walipelekwa Uturuki, na Wizara ya Mambo ya Nje ikasema imehakikishiwa watatendewa kwa heshima. Sasa nani anakwenda gerezani Ankara kukagua? Anayetoa ahadi ndiye anayelaumiwa kutesa, na anayepokea ahadi hana nguvu ya kufungua mlango wa seli.

Na msione ni mambo ya Nairobi. Julai 2024, Waganda 36 wa chama cha upinzani cha FDC walichukuliwa hapa hapa Kisumu, wakafikishwa kortini Kampala kwa mashtaka ya ugaidi. Wale hawakuwa waomba hifadhi, walikuja kwa mafunzo. Lakini njia ni ile ile: hakuna hakimu wa Kenya aliyeulizwa. Novemba mwaka huohuo Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi tarehe 16, tarehe 20 yuko mbele ya korti ya kijeshi Kampala.

MkalimaniKondele

Na kuna kurudishwa kwa kuzunguka. Uingereza ilitaka kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilisema mpango huo haufai kisheria, kwa sababu Rwanda ingeweza kuwarudisha watu kule walikokimbia. Majaji walitazama mfano wa Israel, ambayo iliwahi kupeleka watu Kigali, na wengine wakavushwa kimyakimya hadi Uganda. Kwa hiyo mtu akiambiwa "tunakupeleka Uganda tu, Uganda ni salama", swali la kuweka kwenye kiapo ni: na Uganda itampeleka wapi? Na je, ni salama kwa *huyu*? Mpinzani wa serikali na mfanyabiashara wa samaki hawapimwi kwa mizani moja.

SwaliTu, wewe ni mtu wa haki, nimeona unavyouliza. Kumbuka 2008. Maelfu ya Wakenya wa upande huu walivuka Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda, Tororo, baadaye Kiryandongo. Hakuna aliyewafungia lango.

SwaliTu

Nakumbuka, dada. Nimekuelewa. Basi niambieni, mtu wa kawaida jirani na familia kama hiyo awasaidie nini leo, kabla hakijanuka?

Busia_Mpakani

Faili, ndugu yangu. Bahasha moja ya plastiki, isiyoingia maji, nakala tatu: moja kwake, moja kwa jirani anayeaminika, moja ipigwe picha na itumwe kwa simu ya mtu aliye mbali. Ndani kuna kitambulisho au pasi ya mwomba hifadhi, mbele na nyuma. Barua zote za Idara ya Wakimbizi. Kumbukumbu za usaili. Hati za hospitali zinazoonyesha makovu, zilizoandikwa na daktari kwa tarehe. Kibali cha kusafiri kama yuko nje ya kambi. Na ukurasa mmoja wa maelezo yake mwenyewe kwa lugha yake, wenye tarehe na sahihi. Juu kabisa, karatasi yenye nambari mbili za simu, ya wakili na ya mkalimani. Aziweke pia kichwani, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Muwekeeni pia taarifa za nchi yake zilizo mpya. UNHCR hutoa misimamo inayozitaka nchi zisiwarudishe watu sehemu fulani. Ipo ya Sudan, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Mtu aliyekataliwa 2023 ana hoja mpya kabisa ya kuomba faili ifunguliwe tena, hata kama uamuzi wa kwanza ulikuwa sahihi siku ile.

Na ikitokea mmechelewa, amekwishavushwa, msifunge faili. Mahakama ya Afrika Mashariki inapokea shauri la mtu binafsi chini ya Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya, ila ndani ya miezi miwili tu tangu tendo lifanyike au lijulikane, na majaji wa Arusha hawaongezi hata siku moja. Wekeni alama kwenye kalenda siku hiyohiyo.

Wa_Bondeni

Nakala nane za amri, vituo vinne vya mpaka, siku 30, siku 14, miezi miwili. Nimeandika. Dunga, ile sentensi ya kumfundisha mtu kabla ya korti tunaweza kuipata kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kiamhari, Kitigrinya, Kisomali na Kiarabu cha Juba? Ibandikwe ukurasa mmoja, watu wachape.

MkalimaniKondele

Kirundi na Kinyarwanda naziandika mimi usiku huu. Za Kiamhari na Kitigrinya nitazipata kesho kabla ya saa sita. Anayejua Kiarabu cha Juba vizuri ajitokeze hapa, na mwingine aikague kabla hatujachapa, maana neno moja likikosewa hapo tumemfundisha mtu kukiri.